Krismasi Tuliyofunga Duka

Kwetu mteja haiti. Anatoa sarafu mfukoni na kugonga nayo vyuma vya dirisha la duka, ko ko ko, na popote Mama alipo, iwe jikoni au kwa shamba ya waru, viazi vyetu, anajibu neno moja tu: "Nakuja." Nimelisikia neno hilo tangu kabla sijajua kutembea. Baba husema ndilo nililotamka kwanza, hata kabla ya kusema mama.

Tunaishi Mweiga, pembeni kidogo ya mji, pale barabara ya lami inapoachana na ile ya vumbi inayoteremka kwenye mashamba ya ng'ombe. Mbele ni duka, nyuma ni nyumba, katikati kuna mlango wenye pazia. Mama anauza unga, mafuta, sukari, sabuni, na mboga ambazo huzipanga kwa mafungu juu ya meza nje. Mimi nakaa nyuma ya pazia. Si kwamba najivuna, vile shangazi mmoja aliwahi kusema. Ni kwamba mtu akinitazama usoni huku akingoja nijibu, maneno yananiishia. Naweza kushika kichwani kila kitu ambacho foleni nzima imeagiza, bila kuandika popote, na nikampitishia Mama kupitia pazia. Lakini kumwambia mtu "karibu" ndiyo kazi.

Kichwa hicho ndicho kilichoniponza. Krismasi iliyopita pasta wetu alitaka kijana mmoja asimame mbele ya kanisa aeleze habari ya wale wachungaji wa kondoo, kwa maneno yake mwenyewe, bila karatasi. "Wewe si unashika mambo?" akaniuliza mbele ya vijana wote. Nilikosa maneno ya kukataa, nikatingisha kichwa, na kila mtu akadhani nimekubali.

Jioni hiyo nilimwambia Mama kwamba nitaweza kwa sharti moja: aje, akae karibu na ukuta mahali ninapoweza kumwona. Nikimwona yeye sitaona wale wengine. Mama alikuwa anachagua nyanya, zilizoiva huku, ngumu kule. Sote wawili tulijua kwamba siku ya Krismasi Mama haendi kanisani. Kila mwaka mimi, Baba na ndugu yangu mdogo tunaenda, na yeye anabaki dirishani, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya chapati. Mweiga nzima inakanda chapati siku hiyo, na hapakosi mtu wa kugundua, mikono tayari iko ndani ya karai, kwamba unga hautoshi.

"Ni siku moja tu kwa mwaka," Baba akasema. "Funga. Hata benki inafunga."

"Benki haiuzi chumvi."

"Si watu wanunue mapema? Krismasi si mvua ati itakuja ghafla."

"Mwenye friji ndiye anasema watu wanunue mapema," Mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwa nyanya. "Yule mzee wa ng'ombe analipwa asubuhi ya Krismasi akishamaliza kukama. Mapema yake ni hiyo."

Mzee wa ng'ombe ni mtu mmoja anayefanya kazi kwenye shamba la maziwa huko chini. Anaishi peke yake katika chumba kilicho kando ya zizi na anajipikia. Kila Krismasi, saa za asubuhi, yeye ndiye hugonga wa kwanza.

Baba alitafuta jibu, akarudi kwenye dini. "Sasa Wakristo wenyewe tukiuza siku ya Krismasi, wengine watafanya nini?"

"Hao wachungaji wa mtoto wako, malaika aliwapata wapi? Si kazini?"

Baba alimaliza chai yake. Halafu akasema polepole, "Aliwapata kazini, ndiyo. Lakini waliacha kondoo wakaenda."

Mama aliigeuza nyanya moja mkononi, akaitazama huku na huku kama inayo kasoro, na sikuiona ikiwa na kasoro yoyote.

Kusema ukweli, wote wawili niliwaona wako sawa, na jambo hilo lilinisumbua kitandani. Nanyuki anakoishi shangazi kuna mfanyabiashara Mwislamu ambaye hufungua duka Krismasi na kulifunga Idi, na majirani zake hufanya kinyume, na hakuna anayelala njaa. Hapa kwetu hatuna mpangilio kama huo. Duka lingine la karibu ni la mtu wa Othaya, na yeye sikukuu ikikaribia tu anafunga anaenda kwao. Mama akifunga, tumefunga sote.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi Mama aliniita dukani.

"Kesho nitafunga," akasema. "Lakini sitaki mtu atoke kwake akute kufuli na hakuwa ameambiwa. Utazunguka. Nyumba kwa nyumba. Uwaambie, uwaulize watakosa nini, na uwapelekee leo."

"Mimi?"

"Kwani ni nani anataka nije kanisani? Mimi nilikuwa nimetulia kwa dirisha yangu."

Nilitoka. Ukungu wa kutoka milimani ulikuwa bado umelala juu ya mashamba, na nilitamani uendelee kulala. Kwenye geti la kwanza nilisimama mpaka mbwa akachoka kubweka. Nikatoa sarafu nikagonga bati, ko ko ko, na mle ndani nikasikia jirani yetu mwenye mapacha akisema, "Na huyo ananunua nini kwangu?"

Alipofungua alinitazama toka viatuni hadi kichwani. "Aii, ni wewe? Mimi nilidhani Mama Duka hana msichana, ako na pazia tu."

Nilimwambia kesho tumefunga. Niliambia viatu vyake, lakini nilisema.

"Mnafunga? Kwani mnahama?"

"Mama anakuja kanisani."

"Haya, huo ni muujiza. Basi niletee mafuta nusu, na dhania, na uniletee vitunguu. Si vile vidogo mnapea watoto wangu."

Kwa nyumba ya shosho mmoja, bibi mzee anayeishi karibu na mto, nilipewa kiti kabla sijaeleza nilichofuata, halafu chai, halafu kiazi kitamu. "Mimi sihitaji kitu kutoka kwa duka, mami," akasema. "Lakini kaa." Nikakaa. Akaniuliza habari za shule, akaniuliza kama waru zetu zilipata baridi, na akacheka nilipomwigiza Baba akizikagua. Nilipokuwa nimeshafika getini akanipigia kelele kwamba, ngoja, hana baking pauda.

Kufikia nyumba zilizofuata, maneno yalikuwa yanatoka yenyewe. Si mengi, lakini yalitosha. Nilirudi dukani nikamwambia Mama yote bila kukosea, tukapima, nikabeba, nikarudi tena.

Mzee wa ng'ombe nilimwacha mwisho kwa sababu ya umbali. Nilimkuta zizini akiosha ndoo.

"Leo sina haja," akasema. "Kesho nikimaliza kukama ndiyo nalipwa, halafu nakuja kwa dirisha kama kawaida."

"Kesho tumefunga, guka," nikamwambia, neno letu la babu.

Alinitazama kama niliyemwambia kwamba barabara imehamishwa. "Ng'ombe hajui Krismasi," akasema baadaye. "Nilidhani hata duka haijui."

Ningeweza kusema pole nikaondoka. Badala yake nikajisikia nikimwambia, "Tutakuwa kanisani. Nitakuja na unga yako na mafuta. Utanipata hapo."

"Kanisani? Mimi niko na harufu ya ng'ombe."

"Utanipata," nikarudia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwahidi mtu kitu bila kumuuliza Mama.

Krismasi ikafika na jua safi, mlima ukiwa wazi hadi kileleni. Mama alifunga duka, tukatembea kidogo, akarudi kuishika kufuli. Tukatembea tena, akageuka, lakini Baba alimshika kiwiko. Kanisani alikaa nilipomwomba, karibu na ukuta, chini ya dirisha. Madirisha ya kanisa letu hayana vioo, yana vyuma tu kama vya duka. Mfuko wa mzee wa ng'ombe aliuweka chini ya benchi, katikati ya miguu yake.

Waliimba, wakaomba, wakaimba tena, na nikaitwa. Nilisimama mbele nikashika kipaza sauti, nikafungua mdomo, na kichwani hakukuwa na mchungaji hata mmoja. Nilichokuwa nacho ni mafuta nusu kwa mwenye mapacha, vitunguu visiwe vidogo, baking pauda kwa shosho. Agizo zima la jana lilikuwa limejipanga humo, tayari kusomwa. Nilimtafuta Mama. Midomo yake ilikuwa inachezacheza kama anayetaka kunisukumia maneno kwa mbali. Mtoto fulani alikohoa. Pasta akanitabasamia, na hiyo ikafanya hali kuwa mbaya zaidi.

Hapo ndipo ikasikika juu ya kichwa cha Mama, kwenye vyuma vya dirisha: ko ko ko.

"Nakuja," Mama akajibu kwa sauti ya kutosha, na akawa ameshasimama, mkono mmoja mfukoni ukitafuta ufunguo.

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Baba alificha uso ndani ya kofia yake. Shosho wa karibu na mto alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Nje ya vyuma kulikuwa na uso wa mzee wa ng'ombe, akiwa amevaa koti safi, amenyolewa, na hakuwa anajua aangalie wapi.

"Poleni," akasema. "Nilidhani mmemaliza."

"Ingia, guka," pasta akamwambia. "Hata sisi bado tunangoja."

Mzee akaingia, akakaa benchi la nyuma kabisa. Mama akaketi huku amejifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakimtetemeka. Na mimi nilikuwa nacheka pia, ndani ya kipaza sauti, kila mtu akinisikia, na katika kucheka huko nikakuta nimeanza.

"Hao wachungaji walikuwa kazini," nikasema. Sikuwa nimepanga kuanza hivyo. "Hawakuwa wamefunga. Kondoo hajui sikukuu."

Mengine yakafuata, moja likavuta jingine. Nilipofika mahali walipoacha kondoo wakaenda, nilimwangalia Mama, na yeye alikuwa ananiangalia mimi, si dirisha. Sikumbuki vizuri nilimalizaje. Nakumbuka nilirudi kukaa bila kuharakisha.

Baada ya ibada nilimpelekea mzee mfuko wake mlangoni. Aliupima mkononi, akanilipa, akashukuru, lakini hakuondoka.

"Umesema waliacha kondoo wakaenda."

"Ndiyo, guka."

"Na kondoo walibaki na nani?"

Nilifikiri. "Hiyo sijui. Haielezwi."

"Mtu alibaki," akasema. "Nimechunga miaka mingi. Lazima mtu alibaki." Halafu akaharakisha kwenda, kwa sababu kulikuwa na ng'ombe wa kunyweshwa.

Nimelifikiria swali hilo kuliko nilivyofikiria mahubiri. Nilimwambia Mama njiani, naye alicheka kidogo akasema afadhali mmoja ameuliza.

Alasiri tulikuwa mezani sote wanne, kitu ambacho sikumbuki kukiona siku ya Krismasi, chapati zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa na kuku bado anachemka. Mama alikuwa amevua viatu. Ndugu yangu alikuwa anamwigiza akiinuka kanisani, na yeye alikuwa anampiga na mwiko kwa kumkosakosa makusudi.

Ko ko ko.

Mama alimtazama Baba. Baba alitazama sahani yake kwa makini sana.

"Nakuja," nikasema mimi.

Nikapita pazia, nikafungua dirisha. Alikuwa jirani yetu mwenye mapacha, mkono mmoja umejaa unga hadi kiwiko, akitaka kiberiti.

"Si mlisema mmefunga?"

"Tulifunga," nikamwambia. "Karibu."

Alisema ni vizuri watu kupumzika mara moja moja, akachukua kiberiti, na akaniomba nimwongezee dhania.