Klipu Isiyo na Uso

Wiki nzima Vestine hulima maharagwe kwenye vilima vya Kitshanga, na Jumapili huongoza wimbo wa akina mama. Ukimuuliza kazi yake ni ipi, atakujibu ni kuimba. Kiuno anacho, Mungu hakumnyima, na akicheza hakifichi. Ila klipu ile ya wimbo wao hakuitaka kwa ajili ya kiuno. Binti yake Astrid aliolewa mbali, Buleusa, na kwa barabara zetu hizi hawajaonana tangu mjukuu azaliwe. Alitaka binti amwone mama yake akiimba, basi.

Akina mama wenzake wakamwita Archange awarekodi, kijana aliyejifunza kamera kwa kutazama klipu za wanamuziki. Siku ya kuionyesha walijazana sebuleni kwa Mama Bibiche, mama yake Archange, mwenye televisheni. Wimbo ukaanza. Kikaja kiuno. Kikaja kiuno kingine. Kamera ilipanda polepole toka visiginoni, ikifika kifuani inashuka tena. Wakawa wanatambuana kwa vitenge tu.

“Hii njo mimi?” Vestine aliuliza. “Na kichwa yangu uliiacha wapi?”

“Mama Astrid, klipu zote ziko hivi. Batu banapenda kuangalia hii.”

“Batu gani? Astrid atanijulia kwa matako?”

Alikasirika, tena sana. Lakini Vestine akikasirika hucheka, na hapo ndipo pa kumwogopa. Aliazima simu, akamwambia Archange acheze. Kijana, mpenda sifa, akacheza. Vestine akainama nyuma yake, akampiga picha vilevile kijana alivyowapiga wao, kisha wakaiweka kwenye televisheni.

Mama Bibiche akasogelea kioo, amekunja uso. “Hii matako ya nani mu nyumba yangu?”

Sebule nzima ilivunjika mbavu. Archange alijifunika uso kwa mikono. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kesho yake wimbo ulirudiwa shambani, kamera ikisimama usawa wa macho. Vestine alicheza kuliko mwanzo, maana kucheza ni raha yake na haya hana. Mtandao ulipokubali, klipu ikatumwa Buleusa.

Simu ya Astrid ilimkuta mama yake sokoni.

“Mama, jino yako ya mbele ilienda wapi?”

Vestine alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mtoto wake alikuwa amemwona.