Papa Roboti wa Soko la Kamembe

Katika soko la Kamembe, mtu aliyeyatukana maroboti kuliko wote ndiye huyo huyo aliyekuwa akiyauza. Jina lake Gratien Nzabonimana. Meza yake ilikuwa kwenye mstari wa plastiki, kati ya ndoo na ndala, na juu yake, kwenye kamba, yalining'inia maroboti ya kugeuka: malori madogo ya plastiki ambayo ukiyakunja hapa na kuyakunjua pale yanakuwa watu wenye miguu, mikono na vichwa vidogo vya hasira. Mteja akinyoosha tu mkono, Gratien alianza.

"Hii haiko kitu, Maman. Ni plastiki ya bure. Mutoto ataigeuza leo, kesho atakuya kulia hapa kwangu. Wakati wa Zaire roboti zilikuwaka za chuma. Mulango ukiufunga, unasikia: kap! Hii ya leo ukiifunga unasikia nini?"

Maman alisikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akanunua mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu yake. Watu walimwona mkweli, na mkweli sokoni ni adimu kama chumvi wakati wa vita, basi wakawapita wenye kusifu wakaenda kununua kwa mwenye kuponda.

Hamdani, aliyekuwa akimletea mzigo kutoka Bujumbura na kuuza ndoo meza ya pili, hakuwahi kuielewa biashara ya namna hiyo. Alikuwa Mwislamu wa Kamembe, mfanyabiashara mwana wa mfanyabiashara, na aliamini kwamba bidhaa ikishapangwa mezani haina kasoro tena.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alimwambia Gratien. "Lakini wewe kibaya unakitukana, na watu wanakishika mikono wanaenda nacho nyumbani. Hiyo sijaiona."

"Ninasema kweli tu."

"Kweli usemee kanisani kwenu. Hapa tuko sokoni."

Ushahidi wa Gratien ulikaa chini ya meza, ndani ya kopo la maziwa ya unga, umeviringishwa kipande cha flaneli. Lilikuwa roboti ya zamani, lori jekundu la chuma la kugeuka, zito kama kufuli la ghala, lenye magurudumu ya mpira wa kweli. Baba yake, dereva wa kiwanda huko Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Zaire, alimnunulia katika duka la Mgiriki mmoja, enzi ambazo duka la Mgiriki bado lilikuwa na vitu na dereva bado alikuwa na mshahara. Gratien alilitoa, akamwekea mteja kiganjani, akamwacha aupime uzito. Kuligeuza hakumruhusu mtu. Yeye mwenyewe alikuwa hajaligeuza miaka nenda rudi, kwa sababu, alisema, chuma kinataka heshima.

Na tuseme haki, kuhusu chuma hakuwa amekosea. Viungo vya ile ya zamani vilishikwa na misumari midogo iliyogongwa na mtu aliyekuwa na nia. Haya ya siku hizi ukiyatazama vibaya yanachomoka mkono. Hata Hamdani alilikubali jambo hilo, ila kwa sauti ya chini na mteja akiwa ameshaondoka.

Uzito ukishindwa kumshawishi mteja, ilifuata hadithi ya kuvuka. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, wakati Wanyarwanda walipoanza kuwindwa katika mitaa ya Bukavu. Gratien, Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia huko huko, alisikia jina lake likitajwa kwenye kizuizi cha barabarani na vijana aliocheza nao mpira. Akaingia ziwani kwa mtumbwi, roboti ndani ya shati. Karibu na ufuko wa Cyangugu, upande huu wa Wanyarwanda, wimbi liliwatupa juu ya mawe, Gratien akaangukia kifua, na roboti ndiyo iliyopokea pigo. Miaka ya kwanza alipoisimulia hadithi hiyo, jiwe lilikuwa limechubuka kidogo. Ilipofika vita ya pili, jiwe lilikuwa limepasuka vipande viwili, na kwa mwendo ule sioni kwa nini mlima mzima usingepasuka.

Basi, kwa desturi ya pande hizi, mtu mzima haitwi kwa jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake: Papa wa fulani, Maman wa fulani. Watu wa sokoni hawakuwa wamemwona mtoto wa Gratien. Walichomwona akikifunika, akikifuta na kukisimulia kilikuwa kile cha chuma, wakamwita Papa Roboti. Naye akiitwa aliitika.

Lakini mtoto alikuwepo. Isimbi alizaliwa mwaka mmoja kabla ya kule kuvuka, na sasa alikuwa akiishi Bukavu na mama yake, Nzigire, nyumbani kwa wazazi wa mama. Nzigire alikuwa Mushi, kabila la huko huko, hakuna aliyemwinda, kwa hiyo alibaki. Wote wawili walidhani ni jambo la siku chache. Vita ikaja, ikafuata nyingine, na ng'ambo mbili za daraja la mpakani zikajifunza kuchukiana vizuri. Gratien alikwenda kwa wakwe zake mara moja tu, akasindikizwa na mawe mpaka barabara kuu, hakurudi tena. Nzigire ndiye aliyevuka daraja hilo, pale Rusizi ya Kwanza, pamoja na wanawake wa biashara, analeta vitenge, anarudi na kabichi. Walisalimiana mezani. Gratien alimpa sabuni na viatu vya mtoto, na kila mara viatu vilikuwa vidogo, kwa maana alikuwa akikumbuka mguu wa mwaka uliopita.

Siku moja, shule zikikaribia kufunguliwa, Nzigire aliweka mzigo wake chini akasema:

"Kule batoto banamutukana Munyarwanda, Munyarwanda, mpaka hataki tena masomo. Huku kwako angesoma. Lakini sitamukokota. Nikimwambia ni kwa papa yako, anasema huyo muntu hamujui. Nitamuleta siku ya soko, akuangalie. Akikubali kubakia, abakie. Akikataa, tunarudi, na kumuleta tena hapana."

Gratien alifurahi na kuogopa kwa pamoja, na hofu ndiyo ilikuwa kubwa. Alitaka yule mtoto akae. Alikuwa akilitaka jambo hilo kila jioni alipofunga mlango wa chumba chake, na hakuwa amemwambia mtu. Alinunua kitanda kidogo na sweta. Halafu akatoa roboti, akaipaka mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, kwa sababu aliamini kabisa kwamba mtoto akikishika kile chuma atajua baba yake ni mtu wa namna gani. Mtu mwingine angenunua pipi.

Siku ya soko ikafika, na Isimbi akafika nayo, amevaa viatu vinavyombana, nywele zimenyolewa kwa ajili ya shule. Alimpa Gratien mkono kama anavyompa mwalimu.

"Bonjour, Papa."

"Bonjour, mwanangu," alisema Gratien.

"Papa Roboti!" alipaza Hamdani kutoka kwenye ndoo zake. "Ndiye huyu mgeni wetu?"

Isimbi akamtazama Hamdani, kisha akamtazama baba yake. Alikuwa mtoto asiyepoteza maneno.

Gratien alimkalisha kwenye kigoda, akafungua kopo, akafungua flaneli, akamwekea lori kiganjani.

"Iko nzito," alisema Isimbi.

"Unaona!" Gratien aliruka kwa furaha. "Hii haifanani na zile za ku kamba. Ngoja nikuonyeshe inavyogeuka."

Akashika mkono wa roboti, akavuta. Haukusogea. Akavuta kwa nguvu zaidi, mshipa ukamtoka shingoni. Mafuta ya cherehani yalikuwa yamefika kila mahali isipokuwa kwenye kutu. Lori likabaki lori.

"Inageukaka?" aliuliza Isimbi.

"Sana. Leo iko na baridi."

Hamdani alikohoa. Isimbi akanyoosha mkono, akachukua moja ya zile za plastiki kwenye kamba, akaigeuza kuwa mtu bila hata kutazama vidole vyake. Mkono wa roboti ukachomoka. Akauchomeka tena, ukaingia, akaigeuza kuwa lori, akairudisha mahali pake. Nzigire alijifanya anahesabu kabichi.

Ikabaki hadithi. Gratien alivuta pumzi akaisimulia kama hajawahi kuisimulia, na wateja wawili watatu wakasimama kusikiliza. Mtumbwi ukayumba. Wimbi likaja. Jiwe likapasuka, na vipande vyake vikaruka ng'ambo zote mbili za ziwa.

"Lakini mimi sikuiachia," alisema, akiwa ameifunga mikono yake kifuani. "Niliikumbatia hivi. Hata maji yangeniua, nisingeiachia."

Isimbi alikuwa amesikiliza mdomo wazi kidogo. Akafikiri.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Hamdani akaanza kupanga ndoo zilizokuwa zimeshapangwa. Gratien alikuwa ameisimulia habari ile kwa nusu ya Kamembe, kwa wauza samaki, kwa askari, hata kwa padri mmoja, na hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Lilikuwa rahisi sana. Aliona majibu yakimjia, nayo yote yalikuwa ya kweli: kwamba waliowindwa walikuwa wanaume, kwamba mtoto alikuwa salama kwa bibi yake, kwamba alikusudia kurudi jioni. Aliyatazama yote, akaona hakuna hata moja linalojibu.

"Ulikuwa mu nyumba," alisema Nzigire. "Ulikuwa umelala."

"Na hii roboti?"

"Ilikuwa ku dirisha," alisema Gratien.

"Basi ukabeba hii."

"Ndiyo."

Mtoto akalipima tena lile lori kiganjani, polepole, kama mteja asiyeamini mizani ya muuzaji.

"Ule wakati, mimi nilikuwa muzito?"

Gratien alitazama chini. Alikumbuka vizuri sana, kwa sababu mikono husahau kwa shida. Alikuwa akimrusha hewani na kumdaka kwa mkono mmoja.

"Hapana," alisema. "Ulikuwa mwepesi."

Machozi yalimtoka mbele ya wateja, akayaacha. Wateja, kwa heshima, wakaanza kuulizana bei ya ndala. Isimbi akaliweka lori mezani, akashuka kwenye kigoda, akavua viatu vyake vinavyombana, akavipanga pembeni, akasimama nyuma ya baba yake.

"Nibebe nione."

"Hapa?" aliuliza Gratien.

"Hapa."

Sasa, huku kwetu mwanamume habebi mtoto mgongoni. Anambeba mabegani, anamshika mkono, anampandisha baiskeli. Mgongo ni kazi ya wanawake, na mwanamume atakayeonekana sokoni, mchana kweupe, ameinama mtoto amemng'ang'ania, atachekwa mpaka Bugarama. Gratien alilijua hilo. Akachuchumaa. Isimbi akapanda. Nzigire alivua kitenge chake cha juu, akakizungusha, akakifunga kifuani kwa mume wake, akakaza fundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Walipita mstari wa plastiki, wakapita ndala, wakaingia kwa wauza unga. Wanawake wa unga walipiga vigelegele. Mmoja, Thacienne, aliuliza kama huyo mtoto ananyonya bado. Mwingine alimpa Gratien pole ya uzazi. Gratien aliitikia kila mtu kwa adabu. Mtoto wa miaka saba mwenye afya si mchezo, na huyu alikuwa amelegeza mwili wote makusudi, magoti yanamchapa baba yake mbavuni. Hakusema lolote isipokuwa "kushoto" na "kulia". Walizunguka kwa wauza dagaa, wakapita kwa mafundi cherehani, wakarudi kwenye meza. Lori jekundu lilikuwa pale pale, limeachwa wazi, na hakuna aliyelitazama.

Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa ziwa. Wanawake wa Bukavu walikuwa wakifunga mizigo, maana daraja hufungwa jioni na askari wa pale hawana hadithi. Nzigire alijitwika kabichi zake.

"Isimbi," aliita. "Muda umefika. Tunaenda au tunafanya nini?"

Gratien alisimama. Hakuweza kumwona mtoto usoni, alisikia tu pumzi yake shingoni.

"Mama, wewe enda," alisema Isimbi. "Mimi nabakia nione kama atachoka."

Gratien alikuwa amechoka tangu mstari wa ndala. Akampandisha vizuri mgongoni, akaanza mzunguko mwingine.