Picha ya ndugu wawili tuliyoizima kabla ya mwisho, harusini Nakivale

Wakuu, amani iwe juu yenu nyote.

Mimi humu ni msomaji tu. Huwa nasoma nyuzi zenu, nacheka, nalala. Lakini juzi kuna kijana aliandika kwamba hajaongea na ndugu yake mwaka wa pili sasa, nikashindwa kunyamaza. Hiki ninachokisimulia kilinipata mimi mwenyewe, na mashahidi bado wapo hai, Alhamdulillahi.

Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Vita vya Uganda vimeisha, watu wa Mbarara wameanza kucheka tena, na kitu kipya mjini kilikuwa video. Siyo sinema ile ya zamani ya ukutani. Video! TV, deki, kaseti, mabenchi, na blanketi madirishani ili kuwe na giza mchana.

Mimi na kaka yangu Haruna tulikuwa nayo.

Baba yetu alitutoa Kongo tukiwa wadogo, tukakulia Nakivale, kambi ya wakimbizi, kwenye shamba la mahindi na maharage. Baba alipofariki mama alibaki kule na dada yetu Zaituni, sisi wawili tukaenda Mbarara kutafuta maisha. Haruna akapata TV na deki. Mimi nikapata jenereta. Unaona hapo? Yeye bila mimi hana moto, mimi bila yeye nina kelele tu.

Na kazi tuliiweza, wakuu. Picha nyingi zilikuwa za Kihindi, na hakuna aliyejua Kihindi, sisi wenyewe tukiwemo. Tulikuwa tunaitazama kaseti mara mbili peke yetu, tunakubaliana nani ni nani, halafu mbele ya watu tunaisemea kwa Kiswahili. Haruna ana sauti nzito, alikuwa baba, polisi na majambazi. Mimi nilikuwa vijana na wanawake wote.

Ndiyo, wanawake wote. Chekeni, nimeshazoea.

Msiniombe fatwa ya mambo yale. Nilikuwa kijana, na Mola ni Mwingi wa kusamehe.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Siku moja ukumbi umejaa, picha imefika patamu, jenereta ikakohoa mara tatu ikafa. Petroli ilikuwa na maji. Watu wakapiga kelele, benchi mbili zikavunjwa. Haruna akasimama mbele ya watu wote akasema, "Mdogo wangu huyu hapa ndiye ananunua petroli. Muulizeni yeye."

Petroli nilinunua mimi kweli, lakini ilikuwa safi. Nilijua ilikuwa safi. Hasira zikanipanda, nikamjibu neno ambalo hadi leo nikilikumbuka naomba maghufira. Nilisema, "Tangu baba afe, mimi sina kaka."

Mbele ya watu.

Basi. Yeye akabeba TV na deki, mimi nikabeba jenereta. Miaka mitatu.

Jambo la ajabu ni kwamba wote tulikuwa watu wa msikitini. Swala tano, safu ya kwanza. Yeye kona ya kulia, mimi kona ya kushoto. Siku moja imamu akatuita akasema, "Nyinyi mnasema hamsalimiani. Kwani mwisho wa swala hamtoi salamu kulia na kushoto?"

Haruna akajibu, "Ile, sheikh, naikusudia kwa malaika."

Na mimi, bila aibu, nikasema, "Hata mimi."

Imamu akatutazama kama mtu anayetazama mbuzi wawili wamekwama kwenye mlango mmoja.

Ijumaa moja msikiti ulijaa tukasukumwa hadi tukawa bega kwa bega. Hata hapo tulisalimika! Maana mkisimama sambamba, wote mnageuka kulia pamoja, halafu kushoto pamoja. Yeye akigeukia kwangu anaona kisogo changu. Mimi nikigeukia kwake naona kisogo chake. Miaka mitatu tulisalimiana visogo.

Ndipo Zaituni akaposwa.

Mchumba alikuwa Ramadhani, muuza maziwa wa Bwizibwera, kijana mtulivu sana. Mama akaja Mbarara mwenyewe, akaingia kwenye kiduka nilichofungua baada ya ugomvi, akakaa juu ya gunia. Mama alisema Kiswahili cha kwetu Kongo hadi kaburini.

"Yusufu, mwana wangu, naomba kitu moja tu. Leta jenereta. Siku ya arusi batu batakuwa mingi, nataka taa na maikrofoni."

Nikasema, "Haruna atakuwepo?"

Akasema, "Haruna ni mwana wangu pia. Nimufukuze fasi gani?" Fasi kwetu ni mahali.

Ambacho hakuniambia ni kwamba alitoka kwangu akaenda moja kwa moja kwa Haruna akamwambia alete TV na deki. Na kwamba kaseti aliichagua yeye. Alisikia wanawake sokoni wakisimulia picha ya kuchekesha ya ndugu wawili wanaogombana, mji mzima umecheka. Akasema, hiyo hiyo.

Siku ya harusi nikapanda pickup na jenereta yangu, nikapitia Kaberebere, vumbi hadi Nakivale. Nashuka, naona chini ya turubai kuna meza, juu ya meza kuna TV, pembeni amesimama Haruna anafuta kioo kwa kanzu yake.

Nikaweka jenereta nje, nyuma ya ukuta wa nyasi, nikakaa nayo huko kama mlinzi.

Wageni wa bwana harusi wakaja. Msemaji wao alikuwa mjomba wake, askari mstaafu aliyeishi miaka mingi kambi ya jeshi Mbarara. Tulimwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi, na macho yake pia. Wakati wa chakula cha mchana akaona Haruna anakula sinia la kwanza, mimi sinia la mwisho, na nikipewa chumvi iliyotoka kwake nairudisha.

Akamwita mama mbele yetu.

"Mama, mimi iko naona hawa vijana wako hawasalimiani. Sisi kwetu, ndugu ya bibi harusi wanakaa mkeka moja, walii mbele, wengine nyuma yake. Hiyo mkeka ndiyo ukuta ya huyu binti. Kesho akipata shida anakimbilia huo ukuta. Sasa kama ukuta imepasuka, sisi tunaoa nini? Baada ya Alasiri kama mkeka haina hawa wawili, tunarudi Bwizibwera."

Jamani. Desturi hiyo ilikuwepo hata kwetu. Na mimi nilikuwa nimeshaapa kwamba Haruna atakuwa walii wa kumwozesha Zaituni, sawa, ni haki yake, lakini mkeka mmoja naye sikalii.

Zaituni alikuwa ndani, nyuma ya pazia, amesikia yote. Akaniita kupitia dirishani. Mikono yake ilikuwa na hina mbichi, ameinyanyua hivi asiharibu. Akaniambia, "Kaka Yusufu, sikulaumu. Lakini ukikataa mkeka, hii hina itanifutikia hapa hapa, kwenye jembe."

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu.

Nikarudi kwenye jenereta yangu. Kiburi, wakuu, ni kitu kizito. Unakiona, unajua ni chako, na bado hukitui.

Ilikuwa kati ya Adhuhuri na Alasiri. Mama akasema watu wasikae hivi hivi, picha ianze. Mablanketi yakatundikwa, nikavuta kamba, jenereta ikaitika, TV ikawaka.

Nakivale nzima ilikuwa pale! Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona TV. Mtu alipoonekana kwenye kioo akitembea kuja mbele, watu wa mstari wa kwanza wakamsogezea nafasi akae.

Picha yenyewe: ndugu wawili wenye masharubu wamerithi nyumba ya ghorofa. Mkubwa kachukua chini, mdogo kachukua juu. Ngazi iko chini, kwa hiyo ni ya mkubwa, na mdogo hakanyagi mali ya adui. Anaingia kwake kwa kamba, kupitia dirishani, na mboga zake kwenye ndoo. Anaanguka kila siku. Watu walicheka hadi mbuzi wa karamu wakakata kamba.

Haruna akaanza kusemea peke yake. Sauti ya mkubwa aliipatia vizuri. Akaja mke wa mkubwa, Haruna akajaribu sauti ya kike.

Ilikuwa kama ng'ombe amebanwa na mlango.

Afande akapiga paja lake, "Huyo ni bibi ao ni sajenti?"

Halafu mkubwa akasimama chini ya ngazi, Haruna akanguruma, "Wewe, mdogo wangu! Shuka unisalimie!"

Mdogo kwenye kioo akafungua mdomo, akasema maneno mengi sana, mikono inaruka. Haruna hakusemea. Sijui alishindwa au aliacha makusudi.

Afande akauliza, "Huyu ya juu ni bubu?"

Nikasikia sauti ya mama ikipita ukuta wa nyasi. "Yusufu, we! Mutu anasema, na batu habasikie. Njoo!"

Miguu ikanipeleka. Wallahi, sikuituma. Nikasimama upande wa pili wa TV na sauti ile ya zamani ikatoka yenyewe:

"Nishuke kwa ngazi gani? Si ulisema ngazi ni yako?"

Turubai likalipuka kwa kicheko.

Haruna hakunitazama. Akajibu haraka, "Ngazi ni yangu, lakini salamu ni yako!"

"Salamu yangu niliimwaga siku uliyonitukana!"

"Nani alianza?"

"Wewe!"

Tukawaka, wakuu. Kama hatukuwahi kuachana. Yeye anarusha, mimi nadaka. Watu wanalia kwa kucheka, mama kashika mbavu. Lakini kidogo kidogo nikaona maneno yanatuacha kwenye picha yanaenda kwingine.

Kwenye kioo wale ndugu walikuwa wanang'ang'ania boga. Haruna akasema, "Ulisema huna kaka. Mbele ya watu."

Nikasema, "Na wewe ulisema petroli yangu ina maji!"

Afande akainama mbele. "Petroli? Petroli iko wapi? Mimi naona boga."

Mama akasema, "Muache baseme."

Kicheko kikaanza kufa, mstari mmoja hadi mwingine. Kwenye kioo mkubwa sasa alikuwa anacheza muziki bustanini na mke wake, anazunguka mti. Haruna akaendelea kuongea, na ile sauti nzito ikawa nyembamba.

"Petroli yako ilikuwa safi. Ile jerikeni niliiosha mimi asubuhi ile. Ilikuwa na vumbi, nikasema niisafishe, sikuikausha. Niligundua siku ya pili. Nikaona haya kukufuata. Siku ya tatu haya ikawa kubwa zaidi, mdogo wangu. Halafu ikawa miaka."

Mama aliacha kucheka. Kwenye kioo mkubwa bado anazunguka mti.

Ilikuwa zamu yangu. Watu wote wananitazama mimi, hakuna anayetazama TV. Mdogo kwenye picha alikuwa amelala chali juu ya paa, kinywa wazi, anakoroma. Sikuwa na mdomo wa kujificha nyuma yake.

Na hapo ndipo adhana ya Alasiri ilipopanda.

Nikaenda nje nikazima jenereta. Picha ikakatika.

Tukatawadha, tukapanga safu juu ya mikeka ya harusi. Haruna alisimama, mimi nikasimama, kati yetu pengo la mtu mmoja, kama kawaida yetu. Imamu wa pale kambini akageuka akasema lile maimamu wanalosema kila siku, "Jazeni mapengo."

Nilisogea mimi. Hatua moja tu. Bega langu la kushoto likagusa lake la kulia.

Swala ile sikumbuki nilisoma sura gani, Mola anisamehe. Tukafika mwisho. Imamu akatoa salamu kulia, tukageuka kulia. Kisha kushoto. Nikageuka kushoto, nikijua nitaona kisogo kile kile cha miaka mitatu.

Sikukuta kisogo. Nilikuta uso.

Haruna alikuwa hajageuka. Safu nzima imeshaelekea kushoto, yeye amebaki anatazama kulia, kwangu, ananingoja. Macho yamejaa maji. Nikamtolea salamu yote, neno kwa neno, machoni. Ndipo na yeye akageuka kushoto kumalizia yake, peke yake, amechelewa kuliko watu wote.

Akaninong'oneza, "Hiyo haikuwa ya malaika."

Nikamwambia, "Kaka, lile neno nililisema kwa hasira. Ninaye kaka."

Hatukuinuka. Mkeka ule ule wa swala ndio ulikuwa mkeka wa ndoa. Ramadhani akaletwa akaketi mbele yetu, Haruna akampa mkono kama walii, mimi nyuma yake, goti langu limegusa mgongo wake. Afande akakagua mkeka kama anakagua gwaride, akatikisa kichwa, akasema, "Sawa. Ukuta iko."

Ndani vigelegele vikapanda, cha kwanza kikiwa cha bibi harusi mwenyewe, jambo ambalo halifai, lakini nani angemkataza?

Baada ya ndoa Afande akakumbuka. "Sasa ile picha? Wale wawili walipatana?"

Mama akamjibu, "Si umebaona? Bamepatana."

Jenereta haikuwashwa tena. Kesho yake tulirudi Mbarara kwa pickup moja, TV mapajani mwake, jenereta miguuni mwangu. Mwenye kaseti akaichukua, na hatukuipata tena. Tulirudi kazini pamoja, na jerikeni nikawa naikausha mimi.

Mama ameshatangulia. Zaituni ana wajukuu Bwizibwera. Haruna yupo Kaberebere, magoti yanamsumbua, na kila Ijumaa ananipigia simu. Nimemshukuru Mungu kwa mengi, lakini kwa salamu ile iliyochelewa namshukuru kila swala.

Nilichojifunza ni hiki. Ugomvi wa ndugu mara nyingi mwanzoni ni maji kidogo kwenye jerikeni. Kinachoukuza ni kuona haya, kila mmoja anangoja mwenzake ageuke. Mmoja akikubali kuchelewa kidogo, uso unaonekana.

Wewe kijana wa juzi, mpigie ndugu yako. Nanyi wengine, semeni hapa chini mlipatanaje na wa kwenu, nitasoma kila jibu, taratibu.

Ombi moja tu. Humu najua kuna wapenzi wa picha za zamani. Anayeijua ile ya ndugu wa ghorofa na kamba, asiniambie ilivyoisha. Mimi na Haruna mwisho wake tunaujua.