Ukoko wa Pembe Moja

"Irudishe ndani ya oveni! Makaroni gani haya, meupe kama mtu aliyemwona simba?"

"Yameiva. Sogea nipite, trei ya moto hii."

"Kuiva si hoja. Hata chakula cha jela kinaiva. Dada, unampelekea baba kitu hakina roho, halafu unashangaa akigeukia ukutani!"

Huyo aliyeshika trei ni fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke wa miaka hamsini na ushei. Mtaa mzima unamwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa na miaka mitatu alimeza kifungo cha koti, na ukoo mzima ukakaa siku nne kukisubiri. Wapo wanaoapa kwamba kilipotoka kilikuwa kimeshatiwa uzi, na ndiyo maana akawa fundi. Anayemfokea ni mdogo wake, Kasuku, msusi wa nywele, aliyeshuka kwenye basi asubuhi ileile na begi moja la nguo na magunia matatu ya maneno. Mama yao alikufa mwaka uliopita. Wamebaki wao wawili, na mzee wao chumbani ng'ambo ya ukuta.

Mzee alikuwa na siku tatu hajatia kitu mdomoni ila chai ya rangi. Muuguzi wa zahanati alimpima, akatikisa kichwa: koo zima, tumbo zima, ni kukataa tu. Kama hatakula leo, kesho alazwe, alishwe kwa mpira wa puani. Kifungo alipomuuliza baba yake anatamani nini, alijibu neno moja: makaroni. Akapikiwa. Akaonja uma moja, akaisukuma sahani polepole, kama anayerudisha barua iliyokosea nyumba. Hii ilikuwa trei ya pili.

Tena ya pili yenyewe haikupungukiwa kitu. Nyama ya kusaga ilikuwamo, nyanya zilikuwamo, mchuzi mweupe wa maziwa na siagi, chizi juu. Kilichokosekana ni ukoko. Na wote wawili walijua ukoko ule umetoka wapi.

Zamani hizo nyumba za mtaani hazikuwa na oveni. Jumapili, bekari ikishatoa mikate ya mwisho, wanawake walipeleka trei zao zikaokwe kwa joto lililobaki kwenye matofali. Joto la kubaki tu, lakini lingechemsha bahari na likabaki la kupigia pasi. Mwoka mikate alikuwa kijana mwembamba mwenye beleshi la mti refu kuliko maneno ya mlevi. Trei arobaini zinaingia, zote za bati, zote sura moja, ila moja iliyofungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Hiyo kijana aliisukuma hadi mwisho kabisa wa tanuri, ili itoke ya mwisho. Wengine wanaondoka na vyakula vyao, binti mwenye trei ya uzi mwekundu anabaki amekaa juu ya magunia ya unga, anagomba: "Nani kachelewesha trei yangu tena? Na pembe hii mbona imeungua?"

Jumapili saba pembe iliungua. Jumapili ya nane yule binti hakuja na lawama. Alikuja na uma mbili.

Hata walipooana na kununua oveni yao wenyewe, mama alikuwa akiigeuza trei pembe moja ielekee kwenye moto mkali, akasubiri mpaka ishike. Pembe ile ilikuwa ya baba. Mtoto aliyeigusa alipigwa mwiko wa vidole, na Kasuku alipigwa mpaka vidole vikawa vinaujua mwiko kwa jina.

"Kwa hiyo umesahau?" Kasuku alisema sasa. "Mwanamke mzima, umemwangalia mama akipika miaka yote hiyo, hujui hata kuunguza?"

"Najua kuunguza."

"Basi ni uchoyo wa gesi!"

"Kasuku, nyamaza nikuambie." Kifungo hakuiweka trei chini. Kitambaa alichoshikia kilikuwa kimeanza kunuka moto. "Mwezi mmoja baada ya mazishi nilimpikia vilevile. Nikaunguza pembe vizuri tu. Akala. Akacheka, akafuta sahani kwa kidole. Halafu akaniambia, 'Mwite mwenyewe aje, nimwambie leo amenipata.'"

Kasuku akakaa kwenye stuli.

"Nikamwambia mama amefariki. Akalia kama habari imeingia dakika ile. Nilimshika mabega. Akalala kidogo. Alipoamka, mdomo bado una ladha ya ukoko, akaniuliza, 'Mbona mwenye trei anachelewa?' Nikamwambia tena. Akalia tena. Mara ya tatu nikaona bora uongo, nikasema kaenda sokoni. Akavaa viatu, akakaa dirishani mpaka jioni. Alipotaka kutoka kwenda kumpokea mizigo, ikabidi niseme kweli."

Kumbukumbu za mzee zilimvuja kama maharage kwenye mfuko uliotoboka. Za jana zilitangulia kumwagika. Zile za ujana zilinasa kwenye mshono, hazitoki ng'o.

"Tangu hapo naitoa kabla haijashika," Kifungo alisema. "Akila nyeupe, haulizi. Nimemzika mama mara nne, mdogo wangu. Wewe ulimzika mara moja, ukapanda basi."

Kasuku, ambaye hata usingizini huongea, alilichezea kufuli la begi lake, akalifunga, akalifungua. Aliposema, alisema chini kabisa:

"Ni kweli. Nilikimbia. Lakini sasa hivi, dada, unamzika na baba. Kwa njaa."

Kifungo alimtazama. Vidole vyake vilikuwa vinaungua naye hana habari. Halafu akafungua mlango wa oveni kwa goti, akaigeuza trei pembe moja ielekee kwenye moto, kama alivyofanya mama, akaisukuma ndani.

Wakakaa sakafuni bega kwa bega, wanakitazama kioo cha oveni kama wanaotazama mtoto akilala. Chizi likaanza kutoa malengelenge.

"Akiuliza, tuseme kaenda kwa shangazi," Kasuku alinong'ona.

"Shangazi yupi? Shangazi wote tumeshawazika."

"Hajui."

"Sisi tunajua. Uso wako, Kasuku, haujawahi kuficha hata peremende."

"Basi sema wewe. Wewe ndiye mkubwa."

"Kila mara ni mimi."

"Leo nitakushika mkono."

Harufu ikaja. Kwanza ya maziwa, kisha ile nyingine, ya ukoko ukishika, chungu kidogo, inayopita chini ya milango bila kubisha hodi. Kifungo akafuta macho kwa mkono wa gauni.

"Sikiliza. Akiuliza, nitamwambia polepole. Nitasema, baba, mama ali—"

Malapa yaliburutwa kwenye korido.

Mzee aliingia. Vifungo vya shati vimepishana, kitambaa cha jikoni begani, kama siku zake za bekari. Hakuwatazama. Alivuta hewa kwa pua, akameza mate, koo likapanda na kushuka. Akaenda moja kwa moja kwenye droo, akatoa uma mbili, akavuta kiti mbele ya oveni, akakaa.

Kifungo akanyoosha mkono kuufungua mlango.

"Usiitoe, binti," mzee alisema. "Mwenye trei akiikuta tayari, ataichukua aende zake."