Bahari Haiko Mbali na Akheri

Siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, ni ya mkutano wa kamati ya mfereji hapa kijijini Akheri, chini ya mlima, nikiwa kijana. Kila nikiikumbuka napandwa na hasira, na nakueleza kwa sababu majuzi wamekuchagua uingie kwenye kamati hiyo hiyo.

Bwana shamba alikuja kutuambia kwamba vuli ile ingekuwa kubwa. Alieleza bila haraka kuwa kuna vyombo vinavyoelea baharini vikipima joto la maji, na kwamba bahari upande wetu ilikuwa imepata joto kuliko kawaida. Ikiwa hivyo, alisema, upepo huleta mawingu mazito mpaka huku kwetu. Akaomba mfereji ufungwe kule unakochepuka mtoni, na kingo zitengenezwe kabla mvua haijaanza.

Mwenyekiti wa mfereji akacheka. "Mvua yetu inatoka mlimani. Habari za bahari wapelekee watu wa Tanga."

Watu wazima na akili zao wakapiga makofi. Mama yangu, ambaye shamba lake lilikuwa chini kabisa ya mfereji, akasimama kuwasihi wasikilize. Akaambiwa akae. Kila mtu alitaka maji ya kumwagilia mboga zake, basi.

Mvua ikaja kama tulivyoambiwa. Mfereji ukafurika, ukabomoka, ukashuka na migomba yetu, na kahawa aliyoipanda baba kabla hajafariki, na ng'ombe wetu wa pekee akiwa zizini. Mwenyekiti akaja na uso wa msibani.

"Pole, mama. Ni mapenzi ya Mungu."

"Usimsingizie Mungu," mama akamjibu. "Yeye alituletea habari mapema. Wewe ndiye uliyecheka."

Mwanangu, siku hizi utabiri unakufikia kwenye simu, na nimekusikia ukisema watu wa hali ya hewa wanabahatisha. Umeniudhi sana. Kukosea wanaweza, ndiyo maana hawaapi. Lakini wewe usiyepima chochote unabahatisha zaidi, tena kwa shamba la mwenzio. Habari za bahari zikija, zizungumzwe kwanza, mboga baadaye. Uliza usichoelewa. Msikilize anayekaa chini ya mfereji, kisha amua mapema.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe moyo wa kusikia kungali na muda, na kila upitapo hapa Akheri uweze kumwamkia mama yeyote ukimtazama usoni.