Rejista ya Majina Matatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Naivasha, Afisa wa Maendeleo ya Jamii alinikabidhi rejista yenye jalada gumu, akaniambia kikundi kisicho na rejista ni umati tu. Majina matatu, nambari ya kitambulisho, mahali mtu alipozaliwa. Bila hayo hakuna cheti cha usajili, na bila cheti hakuna ukumbi wala msaada. Ninyi mnaosajili vikundi kwa kompyuta siku hizi hamjui vile tulivyokuwa wakali. Mimi nilizidi wote.

Nikahamishiwa Longonot, kisha Nakuru, nisimamie ukumbi wa vijana karibu na mtaa wa Section 58. Huko ndiko nilikowakuta vijana wangu, marasta, mapema 2007. Walichora kuta, walipiga ngoma, nyama hawakugusa, na hakuna aliyetaja jina la baba yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao kubwa, maana kwetu jina la baba linatangaza kabila lako kabla hujaketi. Mwenyekiti aliitwa Dawa. Katibu aliitwa Kinyozi, na huyo alikuwa hajakata nywele miaka minne.

Nilipowaletea rejista walikataa. Kinyozi akanibembeleza, akiniita mama kwa Sheng yao: "Mathe, tuandike tu vile tunaitana." Nikamwambia serikali haisajili majina ya utani. Wakajiandikisha wote, wamenuna. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kazi nzima, nalisema bila kuzunguka.

Uchaguzi ulipokaribia, mwanasiasa mmoja akawachukua baadhi yao walinde mikutano yake. Wakapewa tisheti na chakula. Mpinzani wake naye akavuta wengine. Baada ya kura vita vya kikabila vikazuka, na watu waliochomewa nyumba wakaanza kuingia mjini, wakiwemo jamaa za vijana wangu. Ukumbini wakawa wanakaa makundi makundi, kila kundi na lugha ya kwao. Niliona, nikadhani yatapita.

Asubuhi moja ya Januari, Dawa aliingia ofisini na vijana kama kumi, mapanga mkononi. Kinyozi alikuwa kati yao, naye ana panga lake. Dawa aliongea kwa upole ulionitisha kuliko kelele.

"Mathe, tupatie rejista. Tunataka kujua nani ni nani."

Ilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Nilisema imepelekwa wilayani kukaguliwa. Dawa akamgeukia Kinyozi, kwa sababu katibu ndiye aliyejaza rejista ile pamoja nami, na wiki hiyo hiyo aliniona nikiifungia humo.

"Ni kweli," Kinyozi akasema. "Niliibeba mwenyewe."

Wakatoka. Niliichoma kwenye jiko la chai, ukurasa kwa ukurasa. Kuharibu rekodi ya serikali ni kosa la kufutwa kazi, kwa hiyo nilienda mwenyewe kumweleza Afisa wa Wilaya. Akasema, "Andika imeharibika. Nitatia sahihi." Mungu ambariki mzee yule.

Nilistaafu salama, na ninashukuru, tena sana. Kinyozi sasa anauza rangi za nyumba, na kila Krismasi huniletea sukari na majani ya chai. Namshukuru kila anapokuja, kwa sababu najua kuna watu walibaki hai kwa maneno yake mawili matatu. Ila siku ile alitoka mlangoni na panga lake, akiwafuata wenzake, na mpaka leo sijamuuliza walielekea wapi.