Treni ya Taa ku Matanga ya Mujomba

Hii mambo ilinipatisha aibu kubwa, nakubali, lakini musicheke mbele sijamaliza, juu hata leo nikikumbuka hasira inanipanda.

Mujomba Lwamba aliendesha treni ya Nyunzu mupaka uzee. Alipokufa nikamutengenezea treni ya nyaya na taa, kubwa kama kitanda (kazi yangu njo hiyo, ninachomea chuma, ninaandika programu mu ordinatere, ile kompyuta, hata kama kwetu wanaita kuchezea ampuli za taa). Kosa langu ni moja tu: ile programu ilikuwa ya harusi, mikro ikisikia kelele taa zinazidi kuwaka, na mimi kwa uvivu nikaiacha vile vile.

Ile jioni ya matanga, maiti ikiwa bado mu nyumba, jirani mumoja anayeimba mu korali ya kanisa akaingia akilia kwa sauti ya juu, treni ikawaka nyekundu, magurudumu yakazunguka. Halafu mujane, Mama Adolfina, akalia, lakini alikuwa amelia siku tatu, sauti imekwisha, inatoka pumzi tu. Treni ikabaki giza.

Wifi yake, Mama Tabu, aliyekuwa anatafuta sababu ya kumutoa mu nyumba, akaruka: "Munaona? Hata mashini inajua hakumupenda kaka yangu! Afunge vitu vyake aende!"

Na watu wazima, wenye akili zao, wakakubali kwa kichwa!

Nikamuambia: "Mama Tabu, inasikia kelele tu, haijui uchungu!"

"Nyamaza, mutoto! Umeitengeneza wewe, sasa ikisema ukweli unaikana?"

Mama Adolfina akajaribu tena, mishipa ya shingo imesimama, masikini, na hakuna kitu. Hapo mbuzi ya chakula, waliyoifunga nyuma ya jiko, ikalia meee, na treni nzima ikawaka, nyekundu, kijani, magurudumu mbio.

Nikafoka: "Na huyu mbuzi, naye alikuwa muke wake?"

Watu wakapasuka na kicheko. Ku matanga! Hata pasta alificha uso mu Biblia. Papa mukubwa, kaka ya baba yangu, akanifukuza, nikapita njia za kartie nzima na treni ku kichwa (batri ilikuwa bado na nguvu), watoto nyuma wanalia meee juu iwake.

Mama Adolfina yuko mu nyumba yake mupaka leo. Mimi nimeapa, mikro haitaingia tena ku matanga. Lakini wananiambia niombe musamaha juu ya kuchekesha watu mbele ya maiti. Nitaomba, siku Mama Tabu ataanza yeye kumuomba Mama Adolfina.